Mteja akiuliza "unayo?", usikimbilie kujibu "ipo bosi"

Leo najua nitawakera baadhi yenu, maana napinga ushauri ambao tumeurudia sana kwenye ukurasa huu mpaka umekuwa kama amri. Jibu haraka. Mteja asiondoke mkono mtupu. Sema "ipo bosi" kwanza, mzigo utautafuta baadaye. Mimi mwenyewe niliuishi huo ushauri mwaka wangu wote wa kwanza na ulinipa wateja, sikatai. Lakini nauza spea, na kwenye spea za breki huo ushauri nimeuacha kabisa. Ngoja niwape kisa chenyewe halafu mtanihukumu.

Mwaka juzi nilipata meseji kutoka kwa mzee mmoja wa upande wa Pangani, kule ng'ambo ya mto, ambaye anapeleka wageni ufukweni. "Mwanangu, una breki za nyuma za Volkswagen ya zamani, ile ya mgongo wa duara? Nataka dramu, shuu na silinda, pande zote mbili." Muda huo nipo kwenye daladala nimesimama, sina stoo hata shuu moja ya Volkswagen, na picha niliyokuwa nimeposti ilikuwa ya mtu mwingine. Nikajibu, "Shikamoo mzee. Ipo."

Nikamuuliza mwaka wa gari. Kadi inasema 1971. Basi, nikaona nimemaliza upelelezi. Nikazunguka siku mbili mjini nikapata dramu za Beetle za miaka hiyo, mzee akatuma hela kwa simu, mzigo ukapanda basi la Tanga. Nilikuwa nimeongeza faida nzuri tu, siku hiyo nilijiona mjanja sana.

Siku ya tatu simu inaita. "Mwanangu, umenitumia nini hiki? Rimu zangu zina matundu matano, hii dramu yako ina manne."

Sasa hapo ndipo nilipoanza shule. Volkswagen Beetle za zamani dramu zake zinashika rimu kwa bolti tano, na ukipima duara la zile bolti unapata milimita 205. Kuanzia modeli za 1968 wakahamia bolti nne, duara la milimita 130. Rimu ya hii haikai kwenye ile, hata ubembeleze vipi. Ila mbona kadi inasema 1971? Nikamwomba mzee anitumie picha ya gari zima, kitu ambacho nilitakiwa kukiomba kabla sijagusa hela yake. Picha ikaja. Haikuwa Volkswagen. Yaani ilikuwa Volkswagen kwa chini, kwa juu ni bodi ya faiba, haina milango, haina paa, tairi nene za nyuma zimetokeza nje. Bagi ya ufukweni.

Wengi wetu hatujawahi kuuza spea za magari ya namna hii, kwa hiyo nisimulie kidogo, lina faida hata kwako unayeuza vioo vya simu.

Kuna magari ambayo hayakutoka kiwandani yakiwa mazima. Unanunua bodi na baadhi ya vipande, halafu injini, giaboksi, ekseli na breki unavitoa kwenye gari jingine la zamani, unaunga mwenyewe nyumbani au kwa fundi. Bagi za aina ya yule mzee zina baba yao, Mmarekani wa California anaitwa Bruce Meyers. Mwaka 1964 alitengeneza bodi ya faiba, akaiita Meyers Manx, na ile iliyosambaa sana ilikuwa inakaa juu ya sakafu ya Beetle iliyokatwa na kufupishwa karibu sentimita 36. Watu wakaiga dunia nzima. Na Beetle zilikuwepo za kutosha, maana zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 na ya mwisho ilitoka Mexico 2003. Huku kwetu pia zilijaa, ndizo zilizoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962. Kwa hiyo usishangae kuikuta sakafu yake chini ya bodi ya faiba huko Pangani.

Waingereza nao wana yao. Lotus Seven ilianza kuuzwa 1957, na wengi waliinunua ikiwa vipande kwa sababu gari la vipande lilikwepa kodi ya mauzo ya wakati huo. Baadaye mwaka 1996 mtu anaitwa Ron Champion akatoa kitabu cha kufundisha namna ya kujiundia gari dogo la michezo kwa pauni 250 tu, ukitumia vitu vya Ford Escort ya zamani. Wengine wakahamia Ford Sierra. Na hapo ndipo kuna somo, kwa sababu mtu akikwambia "gari langu la kujiundia lina breki za nyuma za Sierra" bado hajakwambia kitu. Kuna Sierra zenye dramu za inchi 8, kuna zenye dramu za inchi 9, na kuna zenye diski nyuma. Jina ni moja, ila usipojua ni ipi kati ya hizo utatuma mzigo ambao haukai.

Gari la yule mzee sakafu ilikuwa ya 1971 na kadi ikafuata sakafu. Sehemu ya nyuma, yaani ekseli na breki zake, mtu aliyeunda gari aliitoa kwenye Beetle nyingine ya zamani zaidi. Mzee hakudanganya. Alisoma kadi aliyonayo. Mwongo nilikuwa mimi niliyesema "ipo" kabla sijajua ni nini kinachotakiwa kuwepo.

Nikalipa nauli ya kurudisha mzigo. Dramu ni chuma, nauli yake siyo ya kutuma dera. Faida yote ikaliwa na kidogo cha mtaji juu yake. Hiyo ni hasara ya kawaida, kila mmoja wetu hapa ana ya kwake. Kilichofuata ndicho kilichonibadilisha.

Safari ya pili nikawa makini, au nilidhani niko makini. Nikaomba picha, nikamwambia fundi wake apime. Dramu za bolti tano nikazipata Nairobi kupitia jamaa yangu anayezunguka Kirinyaga Road. Shuu nikauliza upana, maana za nyuma za Beetle kuna za milimita 30 na kuna za milimita 40. Silinda za kwenye tairi nikauliza kipenyo cha tundu lake, kwa sababu nazo ziko za 19.05 na za 17.46. Ukiziweka mezani zinafanana kama mapacha, mtu wa dukani anaweza kukuambia "hizi ni zilezile, chukua". Siyo zilezile. Chukua kikokotoo cha simu yako, 19.05 mara 19.05, gawanya kwa 17.46 mara 17.46. Inakuja kama 1.19. Maana yake kwa msukumo uleule wa mafuta ya breki, silinda kubwa inasukuma shuu kwa nguvu zaidi kwa karibu asilimia 19. Ukiweka kubwa upande mmoja na ndogo upande wa pili, gari linavuta upande likifunga breki. Kwenye bagi nyepesi, fupi, yenye injini nyuma, sitaki hata kufikiria.

Basi nilihitaji za 19.05. Mpya nilikuwa naweza kuagiza nje lakini mzee alikuwa na haraka, wageni wanakuja. Kuna jamaa pale Gerezani akaniambia anazo mbili "zimefanyiwa sevisi". Nzuri, zimepigwa rangi ya fedha, zinang'aa. Bei nusu ya mpya. Nikachukua, nikaposti kwanza na picha niringe kidogo, nikatuma.

Siku ya kumi na moja mzee akanipigia. Hakugomba. Afadhali angegomba. Akasema, "Mwanangu, leo nilikuwa nashuka kuingia pantoni, pedali ikazama mpaka chini." Pale kwenye kivuko cha Pangani kuna mteremko wa kuingilia, mbele yako kuna watu wenye baiskeli, akina mama na ndoo zao za samaki, halafu maji. Aliwahi hendibreki. Hendibreki ya Beetle inavuta shuu hizohizo za nyuma lakini kwa waya, haitegemei mafuta, na upande wa kulia ulikuwa bado mkavu. Gari lilisimama limekaa upande upande. Mgeni aliyekaa naye mbele alidhani ni mbwembwe za dereva.

Na lingine ambalo sikulijua. Masta silinda ya Volkswagen za zamani, kama iliyokuwa kwenye gari lake, ina njia moja tu ya mafuta kwa tairi zote nne. Magari ya sasa yamegawanywa njia mbili, moja ikivuja nyingine inabaki. Kwake silinda moja ya nyuma ikivuja, breki zote za mguu zinaondoka. Silinda niliyomuuzia mimi, kwa rangi ya fedha.

Nilimwomba anirudishie zile silinda kwa gharama yangu, siyo ili nimrudishie jamaa, nilitaka kuzifungua. Nilienda nazo kwa fundi mmoja mtu mzima, nikamwambia shikamoo, nifundishe. Akazifungua juu ya gazeti. Ukuta wa ndani ulikuwa na vishimo vya kutu katikati, unavihisi kwa ukucha. Aliyezitengeneza alipitisha msasa akaweka raba mpya akapaka rangi nje. Raba zenyewe zilikuwa zimevimba na laini kama zimechemshwa. Fundi akanusa akasema, "Huyu aliosha kwa petroli." Raba za breki na petroli au mafuta ya injini ni maadui, zinavimba na kuharibika. Silinda ya breki inaoshwa kwa mafuta yenyewe ya breki au spiriti, basi.

Nikamuuliza mbona ilikaa siku kumi na moja bila kuvuja, halafu mbona ya zamani ya mzee ilikuwa haivuji mpaka nilipomtumia hizi. Jibu lake sitalisahau, na kama unauza shuu za breki za aina yoyote lisome mara mbili. Shuu zikiisha, pistoni za silinda zinakaa nje nje, karibu na midomo ya silinda, kwa sababu zinafuata shuu iliyochakaa. Kule ukuta unasuguliwa kila siku, ni msafi. Katikati panabaki maji na uchafu, ndipo kutu inapokula. Siku unaweka shuu mpya nene, pistoni zinarudishwa ndani, na raba zinaenda kukaa juu ya vile vishimo. Kwa hiyo mteja akinunua shuu mpya kwako, silinda ambayo jana ilikuwa nzima inaweza kuanza kuvuja kesho, na atasema shuu zako ni mbovu. Kwenye silinda za mzee mambo mawili yalikutana, vishimo na raba zilizovimba. Zilivumilia kwa muda tu.

Maji yanatoka wapi? Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 yananyonya unyevu wa hewa, na huku pwani unajua hewa yetu ilivyo. DOT 4 mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230, ikishanyonya maji kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 155. Kwa hiyo ile chupa kubwa iliyofunguliwa ambayo unamimina kidogo kidogo kwa wateja, acha. Uza vichupa vidogo vilivyofungwa. Faida ni ndogo, najua.

Sasa nirudi kwenye ubishi wangu na nyie.

Mimi sisemi tusiuze spea zilizofanyiwa kazi upya. Bila hizo nusu ya magari ya nchi hii yangelala. Shuu ya zamani yenye chuma kizima unaibandika laini mpya kwa mtu anayejua, inafanya kazi vizuri kabisa, na kwa magari ya kujiundia mara nyingine hiyo ndiyo njia pekee. Dramu iliyopata mikwaruzo inachongwa kwa mashine, mradi isipite kipimo cha mwisho, ambacho kwenye dramu nyingi kimeandikwa palepale kwenye chuma. Hata silinda, kama ukuta wake hauna vishimo, unaweka raba mpya na inarudi kazini. Ninachopinga ni kuuza neno badala ya kitu. "Imefanyiwa sevisi." "Used ya Japani." "Oji." Haya maneno hayana maana yoyote mpaka useme nani alifungua, alikuta nini, alibadilisha nini. Siku hizi nikiposti silinda iliyotengenezwa naandika hivi: mwili ni wa zamani, umefunguliwa, ukuta ni safi (tazama picha ya pili), raba na vizuia vumbi ni vipya, tundu la kutolea upepo linafunguka. Na picha ya pili kweli ni ya ndani, nimemulika na tochi ya simu. Sipaki rangi. Ukiona mtu kapaka rangi spea ya breki muulize anaficha nini.

Ambacho sikijui ndani sikiuzi. Nikikuta silinda ina vishimo inaenda kwa wa chuma chakavu, kwa kilo, na inauma kwa sababu mara nyingine nilishailipia.

Na kuuliza. Hapa ndipo mtaniambia napoteza wateja. Meseji yangu ya kwanza kwa mtu anayetaka breki siku hizi haina "ipo". Inasema: "Karibu sana. Naomba unisaidie picha tatu ili nisikutumie kitu kisichokaa. Gari zima kwa upande. Tairi likiwa limefunguliwa, nione bolti ni ngapi. Na spea ya zamani ikiwa imelala pembeni ya rula. Kama kuna namba au kipimo kimeandikwa kwenye chuma, futa uchafu uipige karibu." Kipimo cha silinda mara nyingi kimeandikwa kwenye mwili wake, tatizo kiko chini ya tope la miaka ishirini. Kama hakisomeki, fundi mwenye venia anapima kwa sekunde kumi. Mimi nilinunua venia ya plastiki kwa elfu chache, ndiyo kifaa kilichonilipa kuliko simu yenyewe.

Kuna wanaokasirika. "Mbona maswali mengi, unauza au huuzi?" Ndiyo, wengine wanaondoka, sitadanganya kwamba wote wanarudi. Mwezi wa kwanza nilipoanza hivi walikimbia wanne. Wawili wakarudi baada ya kutumiwa visivyokaa na watu wengine, wawili sijui walikoishia. Lakini mwezi huo sikulipa nauli ya kurudisha hata mzigo mmoja, na wewe unayetuma mikoani unajua nauli ya kurudisha inakula nini. Inakula faida ya mizigo mitatu iliyokwenda vizuri. Hiyo hesabu hatuiweki kwenye daftari kwa sababu inauma, tunaandika mauzo tu.

Mdau mmoja aliniambia, "Wewe kwa kuwa unauza breki sawa, mimi nauza jagi za blenda." Ndugu yangu, jagi za blenda ni ugonjwa uleule. Blenda zina jina moja nje na meno tofauti chini. Wa vioo vya simu mnajua Samsung A12 ina A125 na A127, ukitaja A12 tu hujamaliza. Wa bajaji, King na RE siyo ndugu. Tofauti yangu na yenu ni kwamba jagi isipokaa, mtu anakosa juisi. Ndiyo maana mimi sina ruhusa ya kubahatisha, wewe unayo kidogo. Ila nauli ya kurudisha haijali ni jagi au dramu.

Mwingine akasema nikimwambia mteja "hii sina, nenda kwa fulani" nampa mshindani hela. Kweli nampa. Nimeshawaelekeza watu kwa jamaa mwingine zaidi ya mara moja kwa sababu yeye ana vitu vya Land Rover na mimi sina, na yeye ananitumia wa Volkswagen. Hatujawahi hata kuonana.

Kitu kimoja cha pembeni lakini kisipite. Laini za breki za zamani, hasa zilizokuwa kwenye magari ya miaka hiyo, nyingi zilikuwa na asbestosi. Lile vumbi jeusi kwenye dramu usilipulize kwa mdomo wala kompresa, fundi wako asilipulize, na usirushe video ukilipuliza. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa. Naona vijana wengi wanapuliza halafu wanacheka. Saratani ya mapafu haichekeshi, na inachukua miaka mingi kujitokeza ndiyo maana watu hawaamini.

Na kama utajaribu soko hili la magari ya kujiundia na magari ya zamani, ushauri wangu ni kwamba kitu adimu siyo spea. Silinda mpya za Beetle bado zinatengenezwa hadi leo, kwa sababu dunia nzima kuna watu wana zile gari na hawataki kuziachia. Zinaagizika, nyepesi, zinaingia kwenye boksi dogo. Kwa nini basi nilihangaika na zile za Gerezani? Haraka, na tamaa ya ile nusu bei. Adimu ni mtu anayeweza kumwambia mwenye gari kwamba gari lako kwa nyuma ni la mwaka fulani na kwa mbele ni la mwaka mwingine. Huyo mtu anaombwa ushauri kutoka Mombasa mpaka Mtwara, na anayeomba ushauri ananunua. Hiyo mimi nimeipata bure kwa kuuliza maswali na kutunza picha. Nina folda kwenye simu, kila gari la mteja lina picha zake na vipimo vyake, nimeandika kwa mkono wangu tundu la silinda, upana wa shuu, idadi ya bolti. Akirudi baada ya mwaka sianzi upya.

Sijawaambia iliishaje kwa mzee. Niliagiza silinda mbili mpya za 19.05 kwa hela yangu, na kwa kuwa shuu za kushoto zilikuwa zimelowa mafuta ya breki nikamtumia na shuu nyingine pande zote mbili, maana laini iliyolowa haifai kusafishwa ikarudishwa, na huwezi kubadilisha upande mmoja tu. Ilinichukua miezi kadhaa kuirudisha hiyo hela. Fundi wake nilimpigia kumkumbusha nati kubwa ya nyuma, ile ya spana ya 36, inakazwa kwa nguvu ya zaidi ya futi-pauni 200 na kufungiwa spliti pini mpya. Ikilegea, dramu inaanza kula meno ya ekseli, na ningekuwa nimetengeneza tatizo jingine. Akanijibu kwa ukali kidogo kwamba alikuwa anafunga Volkswagen kabla mimi sijazaliwa. Sawa mzee wangu. Lakini alikaza, nilimsikia akitafuta bomba la kurefushia spana nikiwa bado kwenye simu.

Wiki iliyopita yule mzee kanitumia meseji nyingine. Mara hii ni za mbele. Bei hajauliza, kaandika tu, "Mwanangu, za mbele je, unazo?" Nimemjibu, "Shikamoo mzee. Sijui bado. Fungua tairi kwanza unipigie picha."